USHAURI: Baba ananiomba maji usiku, na mimi ndo nimefunga jiko kwa kufuli

Shikamoo shangazi. Naomba usinitaje jina wala hospitali maana mtaani kwetu wanakusoma.

Mimi ni binti wa miaka 34, wa tatu kati ya watoto wanne, naishi na baba Mbagala, mama alishatangulia mbele ya haki. Baba ana miaka 66 na maisha yake yote alikuwa muuza maji, yaani ule mkokoteni wa madumu. Anaamka saa kumi alfajiri anaenda kupanga foleni kisimani, anasukuma madumu nane kwenye mchanga, ndo ada zetu zilitoka humo. Nakwambia hili mapema kwasababu utaona kwanini linaniuma.

Presha alikaa nayo miaka mingi bila kujua, na alipojua dawa akawa anakunywa akijisikia vibaya tu, akipata nafuu anaacha. Mwaka jana mwezi wa nne akaanza kuvimba miguu, anatapika asubuhi, mwili unawasha, tukaambiwa figo zote mbili zimeshindwa kazi. Tangu hapo anasafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, masaa manne kila mara. Bima ya mdogo wangu ndo inatubeba namshukuru Mungu. Mkojo anaopata siku hizi ni kama kikombe kimoja kwa siku nzima. Daktari akasema maji yake yasizidi robo tatu lita kwa siku, na chai, uji na supu vyote vinahesabiwa humo humo.

Shangazi, robo tatu lita na joto hili la Dar, saa tano asubuhi kashamaliza. Mwanzoni alikuwa anavumilia. Sasa hivi ananiomba, na sio kuomba kwa kawaida, ananibembeleza kama mtoto. "Mwanangu kidogo tu, ya kulowesha ulimi." Nikikaza anasema, "Nimewanywesha mtaa mzima mgongo ukapinda, leo nanyimwa kikombe ndani ya nyumba yangu." Hapo nakosa pa kuweka uso. Chakula hakinisumbui kabisa, anakula vizuri ng'onda zake na dagaa na achari ya embe, mchuzi naweka viungo vya pakiti ili apate hamu, tatizo letu ni maji tu.

Mwezi uliopita nikaamka saa nane usiku sikumkuta kitandani, nikamkuta chooni anakunywa maji ya ndoo kwa kopo la kutawazia. Alivyoniona akaliweka chini taratibu, hakusema kitu. Kesho yake nikanunua kufuli la jiko, na ndoo ya chooni nikawa naimwaga kila usiku. Ufunguo nalala nao.

Alafu akaja kaka mkubwa kutoka Mwanza. Jumapili mimi niko sokoni yeye kamletea mzee madafu matatu, akanywa yote. Niliporudi kaka ananiambia maji ndo yanasafisha figo, wewe unamkausha mzee. Usiku ule baba hakuweza kulala, anakaa kitako anavuta pumzi kama mtu anayezama, alfajiri tukamkimbiza. Uzito wake akimaliza kusafishwa huwa kilo 61, siku ile alikuwa na 65. Wakamuwahisha kwenye mashine, nesi akaniambia na potasiamu ilikuwa juu sana, moyo ungeweza kusimama. Kaka karudi Mwanza na maneno kwa ndugu kwamba mimi nimeshindwa kumtunza. Dada yake baba kanipigia simu kaniambia akifa na kiu laana itabaki kwangu. Jumamosi ijayo kuna kikao cha ukoo.

Na kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Juzi baba kaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Fungua jiko ninywe nishibe niende zangu. Mnanibakiza kwa ajili ya nani?" Nikafungua. Nikampa kikombe kizima, akanywa huku analia na mimi nalia. Tangu hapo sijui mimi ni nani kwake, nikimpa namuua, nikimnyima namtesa. Ufunguo nimpe kaka? Nimwache baba aamue mwenyewe? Na kitu kingine sikielewi, kama mwili umejaa maji kiasi cha kuzama, hiyo kiu inatoka wapi? Au ananifanyia ukaidi tu?

Binti mwenye ufunguo

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama pale kwenye kopo la kutawazia. Kabla sijaingia kwenye kazi hii ya unasihi nilikuwa nesi miaka kadhaa, nimeona wazee wengi wa heshima wakinywa maji kwa kujificha, na nimeona watoto wao wakisimama mlangoni kama ulivyosimama wewe. Mimi sio daktari wa baba yako, kipimo cha maji anacho yeye aliyempima, kwahiyo nitakachosema kipeleke kwao ukaulize.

Nikikuelewa vizuri, umeniletea mambo matatu umeyafunga kwenye kitambaa kimoja. Kuna kiu ya baba, kuna ufunguo na ndugu, na kuna lile neno la juzi. Mimi ningependa tuyafungue moja moja, maana nadhani unabeba la tatu ukidhani ni la kwanza.

Nianze na swali lako la mwisho kwasababu naona ndo limekutafuna. Kiu ya baba sio ukaidi. Ni kiu ya kweli kabisa, tena pengine kali kuliko yako ukitoka kutembea juani. Kwenye ubongo kuna sehemu inayoonja damu saa zote, inaangalia ina chumvi kiasi gani ukilinganisha na maji. Chumvi ikizidi hata kidogo sana, mambo mawili yanatokea kwa pamoja, ubongo unatuma homoni kwenye figo kuziambia "rudisheni maji, msiyamwage", ndo maana ukikaa bila kunywa mkojo unakuwa mchache na wa njano iliyokolea, na wakati huohuo ubongo unakuletea wewe kiu ili uongeze maji kwa juu. Ukinywa mengi kinyume chake, homoni inapungua, figo zinamwaga, unaenda chooni mara nne na mkojo kama maji ya bomba. Sasa kwa baba ubongo bado ni mzima, unaonja na kupiga kelele vilevile. Figo ndo hazipo tena kuitikia. Anaweza kuwa na lita nne za ziada miguuni na mapafuni na bado damu ikawa na chumvi ya kutosha kumwambia ana kiu. Kuonja huko hakuangalii maji ni mengi kiasi gani mwilini, kunaangalia kama yana chumvi.

Na hapa mwanangu naomba uniruhusu niguse ulichosema kwamba chakula hakina shida. Ng'onda, dagaa wa chumvi, achari, viungo vya pakiti. Najua umevipika kwa upendo, mgonjwa wa figo anakosa hamu ya kula na wewe unafurahi akimaliza sahani. Ila angalia dripu ya hospitali, ile ya maji ya chumvi ya lita moja, ndani yake kuna gramu 9 za chumvi, kama kijiko kimoja na nusu cha chai. Mwili unataka uwiano uleule. Kwahiyo kila gramu 9 za chumvi anazokula na ambazo figo haziwezi kuzitoa, zitadai lita moja ya maji mpaka zilipwe, na wewe ukisimama katikati na ufunguo unashindana na kitu kikubwa kuliko nguvu zako na zake. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, na huyo ni mtu mwenye figo zake mbili. Nauliza tu, je umewahi kujaribu wiki mbili za samaki mbichi, vitunguu, tangawizi, ndimu, bila ng'onda na bila pakiti, ukaona usiku wake unakuwaje? Atalalamika siku za mwanzo, ulimi unachukua muda kuzoea, na kuna hatari kwamba atakula kidogo na kupungua mwili, kwahiyo mwambie mtu wa lishe pale kliniki mfanye naye. Na usinunue ile chumvi mbadala ya wagonjwa wa presha, nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu.

Potasiamu ndo ile iliyotaka kumchukua Jumapili. Dafu ni kinywaji kizuri kwa mwenye figo nzima, lakini limejaa potasiamu, na figo ndo mlango wake mkubwa wa kutokea. Mlango ukifungwa inapanda kwenye damu mpaka inavuruga mapigo ya moyo. Na angalia siku yenyewe. Ijumaa mpaka Jumatatu ndo kipindi kirefu kuliko vyote bila mashine, siku mbili nzima katikati, hivyo Jumapili jioni baba alikuwa tayari karibu na ukingo hata kabla ya dafu la kwanza.

Kaka yako naye sio adui. Alichosema kwamba maji yanasafisha figo wengi wetu tumelelewa nacho, na kwa mtu mzima wa afya kina ukweli wake, mwenye historia ya mawe ya figo kwa mfano anaambiwa anywe kwelikweli. Kosa ni kukipeleka kwa mtu ambaye figo zake zimesimama, hapo hakuna kinachosafishwa, kinachoingia kinabaki. Lita moja ni kilo moja. Zile kilo nne juu ya 61 hazikuwa nyama. Kwa masaa manne mashine haiwezi kuvuta maji yote hayo kwa usalama, ikivuta kwa haraka presha inaanguka, misuli inakaza, moyo unachoka. Kaka alileta madafu kwasababu alimuona baba yake ana kiu, ni jambo ambalo hata wewe juzi ulilifanya kwa kikombe, na pengine mkianzia hapo mtasikilizana kuliko mkianzia kwenye nani kakosea.

Sasa ufunguo. Umeniuliza umpe kaka au baba. Naona kuna njia kadhaa na hakuna iliyo rahisi.

Ukibaki nao kama sasa, unamlinda kwa kiasi fulani, lakini tumeshaona mtu mwenye kiu anaenda kwenye ndoo ya chooni, na maji yale yanaweza kumletea homa ya matumbo ambayo mwili wake hauna nguvu nayo. Pia kuna kitu kinachovunjika kila usiku kati yako na yeye, hicho unakijua kuliko mimi. Ukimkabidhi kaka, yuko Mwanza, kwahiyo ama baba ahamie huko na kutafuta nafasi ya mashine upya na kliniki mpya, ama kaka aje, na kwa vyovyote vile kufuli ni lilelile limebadilisha mkono tu.

Njia nyingine ambayo nimeona ikisaidia baadhi ya familia ni kumpa baba maji yake yeye mwenyewe asubuhi. Robo tatu lita yote ndani ya chupa moja, iwe yake, anaiona, anajua akinywa saa mbili hatakuwa nayo saa kumi. Chai yake ikitengenezwa, maji yanatoka kwenye chupa hiyohiyo. Badala ya kikombe kikubwa mpe kikombe cha kahawa, vile vidogo vya barazani, pimeni wenyewe kinachukua kiasi gani, mara nyingi zinatoka raundi kumi au zaidi, na mtu anayepata raundi kumi anajisikia tofauti na anayepata vikombe vitatu. Baadhi wanagandisha sehemu ya maji yao vipande vya barafu wanamumunya taratibu (vinahesabiwa humohumo, usisahau), wengine wanasukutua maji baridi na kutema, au kulamba kipande cha ndimu. Dawa zake mezeni wakati wa chakula ili zisile maji peke yake. Hatari yake siifichi, wiki za mwanzo anaweza kumaliza chupa saa nne na kudai nyingine, anaweza hata kuongezea kwa siri. Ndo maana mzani unahitajika, kila asubuhi akiamka baada ya kwenda chooni, nguo zilezile, andika kwenye daftari, yeye mwenyewe aandike kama macho yanaruhusu. Na hii naisema bila kupepesa, siku yoyote akishindwa kulala chali kwa pumzi au akilegea ghafla na moyo kwenda ovyo, msisubiri Jumatatu wala kikao, mkimbizeni hapohapo.

Kitu kingine cha kuuliza daktari, kile kipimo cha robo tatu lita kilitoka wapi na lini. Mara nyingi wanachukua mkojo wa siku nzima wanaongeza kama nusu lita, na kwa kikombe kimoja cha mkojo hesabu ya baba inakaa hapo. Lakini mkojo unabadilika, na joto la Dar linatoa jasho, kwahiyo kusanya mkojo wa masaa 24 kwenye chupa upime upya uwapelekee. Huenda wakaongeza kidogo, huenda wakapunguza, sijui, ila utakuwa unashika namba ya sasa.

Nikupe na kitu cha kumwambia baba, maana katika barua yako yote sijaona mahali ambapo mtu alikaa naye akamueleza. Daktari aliongea na wewe, nesi aliongea na wewe, kaka akaongea na ndugu. Huyu ni mtu aliyejua maji kuliko nyinyi nyote. Mwambie kwa madumu yake. Figo mbili, kila moja kama ngumi, kila moja ina vichujio vidogo kama milioni moja, na kwa siku zilikuwa zinachuja kama lita 180 kutoka kwenye damu yake. Hayo ni madumu tisa ya lita 20, kila siku, hata siku za Idi, tangu awe mtu mzima. Na katika madumu tisa zinarudisha karibu yote, zinarudisha maji, sukari, chumvi inayotakiwa, kinachotoka nje kama mkojo ni lita moja na nusu mpaka mbili tu pamoja na uchafu. Kazi hiyo ndo imesimama. Mashine anayolala nayo Jumatatu inapitisha kama madumu sita ya maji yaliyosafishwa, upande wa pili wa kichujio, ili kuchukua uchafu kwenye damu yake kwa masaa manne, kisha inapumzika mpaka Jumatano, wakati figo hazikuwahi kupumzika hata dakika. Mimi naamini mtu aliyepanga foleni kisimani miaka yote hiyo ataielewa hesabu hii haraka kuliko kaka yako.

Nimeliacha neno la juzi mpaka hapa kwasababu ni zito. "Ninywe nishibe niende zangu." Linaweza kuwa kiu tu ndo inaongea. Linaweza kuwa huzuni, na huzuni kwa watu wa mashine ni ya kawaida na inatibika, lakini hakuna anayeitibu kama hakuna anayeiuliza. Linaweza kuwa amechoka kugeuzwa mtoto kwenye nyumba aliyoijenga. Au linaweza kuwa ni uamuzi kweli, kwamba hataki tena mashine. Haya ni mambo manne tofauti na kila moja lina jibu lake, na wewe ulifungua jiko kabla hujajua ni lipi. Sikulaumu mwanangu, ningefungua na mimi.

Kama ni la nne, mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kusema basi, wapo waliosema hivyo. Lakini linazungumzwa na madaktari, pamoja na watu wa huduma shufaa ambao kazi yao ni kuhakikisha mtu haumii wala hakosi pumzi, na familia ikiwepo, na sheikh wake anayemuamini kama atapenda. Akiacha mashine kabisa kwa kawaida ni siku chache mpaka wiki mbili hivi. Kunywa mpaka mapafu yajae ni kitu kingine, umeshakiona alfajiri ile, hakuna utulivu ndani yake. Hiyo tofauti anastahili kuijua kabla hajachagua. Na inawezekana akishaijua, na akishapata chupa yake na mchuzi usio na chumvi na mtu wa kumsikiliza, neno likabadilika. Inawezekana lisibadilike.

Kuhusu laana aliyokuambia shangazi yako, sina cha kukujibia kwa niaba ya Mungu. Ninachojua ni kwamba anaogopa kumpoteza kaka yake na yuko mbali, na hofu ya aliye mbali mara nyingi inamwangukia aliye karibu. Jumamosi unaweza kumuomba nesi wa kitengo chao aongee nao hata kwa simu, dakika kumi, ili isionekane ni maneno yako dhidi ya kaka. Hatari ni kaka kujisikia ameaibishwa mbele ya ukoo akaweka msimamo zaidi, kwahiyo mpigie yeye kwanza, peke yake. Na waombe kitu unachohitaji kwa jina lake, mtu wa kulala na baba usiku mara mbili kwa wiki ili wewe ulale. Hukuniandikia hata sentensi moja kuhusu usingizi wako, lakini mtu anayelala na ufunguo halali.

Kikao ni cha kumjadili baba, sikuona popote kama baba amealikwa.

Ijumaa atakuwa na masaa manne kwenye kiti cha mashine, hana pa kwenda na wewe huna pa kukimbilia. Vuta stuli ukae upande wa mkono usio na mirija. Muulize siku ya kwanza alisukuma madumu mangapi, muache aongee, alafu ukiona wakati umefika muulize alimaanisha nini juzi. Niandikie atakachokujibu.